Jinsi ya kupata watu wa kutosha kituo cha simu za dharura, na kuwafanya wabaki

Kila anayepewa kituo cha simu za dharura kukisimamia kwa mara ya kwanza anakuja na maswali yaleyale. Nahitaji watu wangapi? Mbona niliowaajiri juzi wameshaondoka? Hii ovataimu itaisha lini? Basi nimeona niyaandike yote pamoja, hatua kwa hatua, usome kwa mpangilio maana kila hatua inategemea ile ya kabla yake.

Shika jambo moja kwanza: usikimbilie kutangaza nafasi za kazi. Najua ndio kitu cha kwanza bosi atakachokwambia ufanye, lakini kuajiri wakati waliopo wanazidi kuondoka ni kutia maji kwenye pakacha. Mtu mmoja anayejua kazi akibaki, umeokoa miezi ya mafunzo na umeokoa usingizi wa wenzake.

Naongelea vituo vinavyopokea simu za polisi, zimamoto na ambulensi, namba iwe 911, 999, 112 au nyingine yoyote. Kiwe kidogo au kikubwa, hesabu inaenda hivihivi.

Vya kuwa navyo mezani kabla ya kuanza

- Simu za miezi 12 iliyopita, saa kwa saa. Mfumo wa simu unazo, muombe mtu wa IT akutolee. Unataka idadi, sekunde simu ilizoita kabla ya kupokelewa, na dakika ambazo mpokeaji alikuwa bize nayo pamoja na muda wa kumalizia kuandika baada ya kukata.
- Rosta ya kilichotokea kweli. Ile iliyopangwa haikusaidii, unataka kujua nani alikaa kwenye kiti na nani alibakishwa kazini baada ya shifti yake kuisha.
- Orodha ya wote walioondoka miaka 3 iliyopita, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuondoka, na walikuwa wamefika hatua gani.
- Masaa ambayo mtu mmoja hayupo kazini kwa mwaka: likizo, sikukuu, ugonjwa, mafunzo.
- Kiwango mnachotakiwa kufikia. Kila nchi ina wake. Marekani, kiwango cha NENA (chama cha watu wa namba ya dharura 911) kinataka asilimia 90 ya simu za dharura zipokelewe ndani ya sekunde 15 na asilimia 95 ndani ya sekunde 20. Nitatumia hicho kwenye mfano.

Kama huna hivi vitu usianze, utakuwa unakisia tu na mtu wa bajeti atakuona unakisia.

Hatua ya 1: Hesabu viti, watu baadaye

Viti viko vya aina mbili na wengi wanavichanganya. Kuna kiti ambacho lazima kiwe na mtu hata pakiwa kimya, kwa mfano cha redio ya kuongea na vikosi vya zimamoto, huwezi kusema leo hakuna moto kwa hiyo nenda nyumbani. Hicho hakihitaji hesabu ngumu, unaamua tu vingapi. Kingine ni kiti cha kupokea simu, hicho kinategemea simu ngapi zinaingia.

Hapa ndio wengi wanapigwa chenga. Tuseme saa 2 usiku zinaingia simu 30 kwa saa, na kila moja inachukua dakika 4 pamoja na kuandika. 30 mara 4 ni dakika 120, yaani kazi ya watu wawili. Kwa hiyo unaweka wawili? Hapana! Simu hazipangi foleni zikaja moja baada ya nyingine, ajali moja barabarani na watu kumi wanapiga kwa mpigo. Yule Mdenmark Agner Krarup Erlang alishatoa fomula ya hili mwaka 1917 alipokuwa anashughulikia mitambo ya simu, na mpaka leo ndio inatumika, kuna programu kibao za bure mtandaoni unaingiza namba zako inakupa jibu. Kwa mfano wetu huu jibu ni hili: ukiweka watu 3, kama asilimia 58 tu ya simu zitapokelewa ndani ya sekunde 15. Ukiweka 4 unafika kama 85. Unahitaji 5 ndipo uvuke 90.

Watu watano kwa kazi ya watu wawili. Mtu wa fedha akiingia akaona wawili wanapiga stori atasema mmezidi, ndio maana nataka uwe na hii hesabu mkononi. Wale wawili wanaopiga stori ndio watakaopokea simu ya mtoto anayepaliwa bila kuiacha iite.

Kosa la kawaida: kutumia wastani wa siku nzima. Saa 10 alfajiri na saa 2 usiku ni dunia mbili tofauti, piga hesabu kila saa peke yake.

Hatua ya 2: Geuza viti kuwa watu

Kiti kimoja kinachokaa na mtu usiku na mchana mwaka mzima ni masaa 8,760. Mtu wa masaa 40 kwa wiki ana masaa 2,080 kwenye karatasi. Sasa toa: tuseme likizo 160, sikukuu 80, ugonjwa na dharura za nyumbani 80, mafunzo 40. Yanabaki 1,720. Gawanya 8,760 kwa 1,720 unapata 5.1. Kiti kimoja, watu watano na kidogo.

Halafu kuna mapumziko. Kama kila shifti ya masaa 8 mtu anapumzika saa moja na lazima mwingine amshikie kiti, yale 1,720 yanashuka mpaka 1,505 na jibu linakuwa 5.8. Vituo vingi vinaruka hili, matokeo yake watu wanakula juu ya kibodi huku hedseti iko kichwani, na chooni wanaenda mbio.

Bado hujamaliza. Kama una watu 20, wanne wanaondoka kila mwaka, na mtu mpya anachukua miezi 6 mpaka akae peke yake, basi kwa wastani una upungufu wa watu wawili muda wote hata kama unaajiri haraka kiasi gani. Omba 22. APCO, chama cha watu wa mawasiliano ya usalama kule Marekani, walitengeneza mradi mzima unaoitwa RETAINS kwa ajili ya hesabu za namna hii, kwa hiyo ukiambiwa unatia chumvi waambie ni hesabu inayojulikana kwenye fani.

Hatua ya 3: Jua wanaondokea hatua gani

Chukua ile orodha ya walioondoka uigawe: walioacha wakiwa bado kwenye mafunzo, walioacha mwaka wa kwanza wakiwa peke yao, walioacha kati ya mwaka 1 na 5, na wakongwe. Usiwachanganye maana sababu zao hazifanani kabisa. Wanaoacha kwenye mafunzo, tatizo ni namna ulivyowachagua au mkufunzi. Wa mwaka wa kwanza mara nyingi ni rosta, wamegundua hawataona wikendi. Wa katikati wamechoka au hawaoni ngazi ya kupanda. Mkongwe akiondoka ghafla, muangalie supavaiza wake, au simu moja mbaya ambayo hakuna aliyemuuliza habari zake.

Fomu ya kuaga usiiamini sana. Anayeondoka anaandika "nimepata fursa nyingine" kwa sababu anataka barua nzuri ya utambulisho. Ongea na waliobaki. Kaa na kila mmoja dakika 20, muulize maswali mawili tu: mara ya mwisho ulifikiria kuacha kazi ilikuwa lini, na siku hiyo kulikuwa na nini? Alafu nyamaza usikilize, usijitetee.

Hatua ya 4: Punguza ovataimu ya lazima, hii ndio inayoua kituo

Tuliza akili hapa. Mtu mmoja anaondoka, wenzake wanabakishwa kuziba pengo. Wanachoka, mmoja anaumwa, wengine wanabakishwa zaidi, wa pili anaondoka. Mzunguko huo ukishaanza mshahara hauuzuii, nimeona watu wanakataa pesa ya ziada kwa sababu wanataka kulala tu.

Fikiria ilivyo kwa aliye kwenye kiti. Imebaki robo saa shifti iishe, ameshaanza kupanga vitu vyake, supavaiza anatembea kuja upande wao na karatasi mkononi na kila mtu anainamisha macho kwenye skrini asimwangalie. Hiyo robo saa ya mwisho kila siku ndio inawamaliza watu, hata siku ambayo hawakubakishwa.

Fanya hivi:

1. Weka orodha ya zamu ya kubakishwa, ionekane na wote. Kila mtu ajue leo yeye ni wa ngapi. Aliyebakishwa anaenda mwisho wa orodha, na aliyejitolea pia anahesabiwa.
2. Kata pengo vipande. Shifti ya masaa 8 iliyo wazi igawe mara mbili, mmoja abaki manne, mwingine aje mapema manne. Kwa masaa manne utapata wa kujitolea, kwa manane utamkosa.
3. Weka kikomo kisichovunjwa na supavaiza yeyote. Mimi nasema masaa 12 na isizidi. Kati ya shifti na shifti apate mapumziko ya kutosha, sheria ya Umoja wa Ulaya inasema masaa 11 mfululizo ndani ya kila masaa 24, ni kipimo kizuri hata kama hauko Ulaya.
4. Ondoa kazi zisizo za dharura kwenye kiti cha dharura. Simu za kuulizia ofisi inafunguliwa saa ngapi, kutafuta mafaili, kuchapa ripoti, zote zihame mchana kwa mtu mwingine.
5. Wapigie walioondoka vizuri. Kuna mama alijifungua, kuna mstaafu, wanaweza wakakubali shifti mbili kwa wiki. Ila wapewe mafunzo ya kujikumbusha na cheti chao kiwe hai.

Onyo: usifute off iliyokwisha idhinishwa. Ukifanya hivyo mara moja, kila mtu anajua neno lako halina uzito, na kuanzia hapo watu "wanaumwa" badala ya kuomba ruhusa.

Hatua ya 5: Panga rosta ambayo mtu anaweza kuishi nayo

Itoe mapema, wiki 4 ni kidogo, 8 ndio vizuri. Kama shifti zinazunguka zizunguke kwenda mbele, asubuhi kisha mchana kisha usiku, mwili unazoea kwa urahisi zaidi kuliko kurudi nyuma. Usiku mfululizo usizidi mitatu au minne.

Kuna mpangilio wa masaa 12 ambao watu wengi wanaupenda: kazi siku 2, off 2, kazi 3, halafu wiki inayofuata inageuka: off 2, kazi 2, off 3. Kila mtu anapata wikendi nzima kila baada ya wikendi moja, na wastani ni masaa 42 kwa wiki. Ubaya wake ni kwamba hakuna nafasi ya ovataimu juu ya shifti ya masaa 12, kwa hiyo ukiwa na upungufu mkubwa wa watu usiuguse kwanza. Njia nyingine ni kuongeza shifti fupi inayoanza jioni kufunika masaa ya simu nyingi.

Wapigishe kura. Kweli, waletee mipangilio miwili inayotimiza hesabu ya hatua ya 1 wachague. Na waruhusu kubadilishana shifti wenyewe kwa wenyewe bila kujaza fomu tatu.

Hatua ya 6: Sasa ajiri

Mwombaji akae kituoni kabla hujampa kazi. Masaa manne, Ijumaa au Jumamosi usiku, hedseti ya kusikiliza tu, baada ya kusaini karatasi ya kutunza siri. Wengine watasema asante hii sio yangu, na hapo umeokoa miezi ya mkufunzi. Kwenye intavyuu mwambie wazi: utafanya usiku, utafanya sikukuu, utabakishwa mara kadhaa kwa mwezi. Mpe namba halisi ya kituo chako.

Mpime kwa kitu kinachofanana na kazi: anasikiliza anwani huku anaandika huku skrini nyingine inawaka. Kasi ya vidole inafundishika. Kinachosumbua kufundisha ni kumuuliza mtu anayepiga kelele "uko wapi?" mara ya tatu kwa sauti ileile ya mara ya kwanza.

Na fanya haraka. Kukagua historia, vipimo vya afya, mtihani, viende sambamba pale inaporuhusiwa. Mwombaji mzuri hakusubiri nusu mwaka, ana kodi ya kulipa.

Hatua ya 7: Mafunzo, usimtupe mtu kwenye kiti

Mkufunzi mmoja, mwanafunzi mmoja. Wanasikiliza laini moja, mkufunzi akiwa na uwezo wa kuingia na kuichukua simu. Kila siku dakika kumi za kuandika kilichoenda vizuri na kilichokwama, mwanafunzi asome na asaini.

Afundishwe simu kwanza, akishafaulu akae peke yake kwenye simu kwa miezi kadhaa ndipo aende redio. Vituo vinavyofundisha vyote kwa mpigo vinapoteza watu wazuri ambao wangekuwa wapokeaji hodari.

Mazoezi yawe ya kweli. Kwa mfano moyo umesimama: mwanafunzi amuongoze mkufunzi kukandamiza kifua cha mwanasesere kwa sauti tu, bila kumuona, migandamizo 100 mpaka 120 kwa dakika, ahesabu naye "moja, mbili, tatu, nne" bila kunyamaza mpaka kikosi kifike. Dakika nane za kuhesabu ni ndefu sana ukiwa hujawahi. Afadhali sauti imkauke hapo darasani kwanza.

Makosa matatu yanayojirudia: kumchukua mpokeaji bora kabisa umfanye mkufunzi wakati hana subira, kumpa mkufunzi mwanafunzi baada ya mwanafunzi bila kupumua wala posho, na kumpitisha mtu ambaye hajaiva kwa sababu kiti kiko wazi leo.

Hatua ya 8: Baada ya simu mbaya

Mpokeaji anamsikia mama analia juu ya mtoto aliyetolewa kwenye maji, anamuongoza, anasikia kikosi kinaingia mlangoni, simu inakatwa. Hajui mtoto amepona au la. Sekunde chache baadaye laini inaita, jirani analalamika muziki uko juu, na anatakiwa ajibu kwa adabu. Watu waliamini kwa miaka mingi kwamba kwa sababu hawako eneo la tukio hawaumii. Mwaka 2012 Heather Pierce na Michelle Lilly wa Northern Illinois University walichapisha utafiti juu ya wapokea simu wa 911 wakaonyesha kwamba wanapata dalili za kiwewe hata bila kuwepo kwenye tukio.

Utaratibu uwe wa moja kwa moja, asiachiwe mtu kuomba. Supavaiza anakuja, anamtoa kwenye kiti, dakika 15 mpaka 30, anamwambia "nenda, nimeshika". Usimuulize "uko sawa?" mbele ya wenzake maana atasema ndio. Baadaye kabla shifti haijaisha, mtafute mtu wa ambulensi umuulize mgonjwa ameishaje, umwambie mpokeaji, kwa kadiri sheria ya siri inavyoruhusu. Hata habari ikiwa mbaya. Kikosi kikiitwa kwenye kikao cha kuongelea tukio, mpokeaji naye aitwe.

Uwe na wenzao wachache waliofundishwa kusikiliza, na mshauri anayeijua hii kazi. Ila usimlazimishe mtu aeleze hisia zake mbele ya kundi siku hiyohiyo, wengine inawazidishia.

Hatua ya 9: Mshahara na cheo

Kwa ufupi: posho ya usiku, posho ya ukufunzi, na ngazi angalau tatu kabla ya usupavaiza ili mtu asiyetaka kuongoza wenzake naye apande. Na jina la kazi lina uzito wake. Marekani, orodha rasmi ya aina za kazi inayotolewa na serikali kuu, toleo la mwaka 2018, iliwaweka kundi moja na kazi za ofisini na ukarani, na wenyewe wamelilalamikia hilo miaka mingi. Wiki ya kuwashukuru mwezi wa Aprili, iliyoanzia California mwaka 1981, ni nzuri, iadhimisheni, lakini usiifanye ndio mpango wako wa kuwabakisha watu.

Ikikwama

*Hawanipi bajeti.* Chukua malipo yote ya ovataimu ya mwaka, ongeza gharama ya kumfundisha kila aliyeondoka (mishahara yake ya mafunzo pamoja na muda wa mkufunzi), weka pembeni ya mishahara ya watu unaowaomba. Peleka na asilimia ya simu zilizochelewa kupokelewa, saa kwa saa. Hiyo ya mwisho ndio inayowagusa.

*Nimeongeza mshahara bado wanaondoka.* Rudi hatua ya 4. Angalia masaa ya kubakishwa kwa kila mtu kwa mwezi, usiangalie wastani, angalia watano walio juu. Hao ndio watakaofuata kuondoka.

*Wikendi wanaumwa wengi.* Kabla ya kudai barua za daktari angalia ni lini mara ya mwisho waliomba off ya wikendi wakapewa.

*Wanafunzi wanafeli redio karibu wote.* Mbadilishe mkufunzi mmoja uone. Kama bado, wapeleke siku mbili wapande gari na vikosi, mtu aliyekaa ndani ya gari anaelewa kwa nini wanaongea vile.

*Shifti moja inapoteza watu, nyingine haipotezi.* Ni supavaiza, karibu kila mara. Kaa naye shifti tatu nzima, ukae pale sakafuni, usiite kikao. Kama ni wa kurekebika utamuona anavyowapokea watu wakitoka kwenye simu ngumu. Kama sio, mhamishe mapema, kabla hujampoteza mtu mwingine.

*Nimejaribu yote miezi miwili, namba hazijashuka.* Miezi miwili ni mapema kwa namba ya wanaoacha kazi. Tazama masaa ya kubakishwa kwanza, hayo yakishuka miezi mitatu mfululizo ndipo utaona barua za kuacha kazi zinapungua. Yasiposhuka, ile hesabu ya hatua ya 2 uliifanya kwa namba za kwenye karatasi, irudie kwa namba za kweli.